Gunia la Papa Nzabandora

Kingi, tarehe 6 Oktoba 2024

Mwanangu Benoît,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na wote wanaokupa sahani huko Walikale. Sisi tuko, na maharagwe yameota. Nakuandikia kwa mkono wangu kwa sababu tangu antene ilipochomwa, telefoni hapa Kingi ni za kumulikia panya tu. Samy motari, yule wa pikipiki, atakupa barua hii akija kufuata mawese.

Jambo limetimia. Ng'ombe wangu Gaju ameuzwa. Kabera alimtoa mwenyewe zizini Kirolirwe, akamfikisha sokoni, kisha akaja hapa na fedha amezifunga tumboni kwa kitambaa, akalia mbele ya dada yako Sidonie bila haya. Nilimwambia: "Kabera, usilie. Huku bale ba bunduki banakula ng'ombe zote. Jiwe, nani atakula?" Niliona hakuelewa.

Mimi nimeelewa, maana ulinieleza vizuri ulipokuja mwezi wa nane. Ulisema jetoni, ile hati ya ndani ya telefoni, ni kama kuragiza. Nilipompa Kabera ng'ombe wangu amchunge, yeye alikunywa maziwa, lakini ng'ombe alibaki wangu na ndama wakabaki wangu. Sasa fedha za Gaju nilishakutumia wiki iliyopita kwa Samy, na gunia langu la madini ya koltani linakaa katika depo, ghala la kampuni yenu, Jiwe Letu. Kampuni inalichunga, watu wa mbali wanapandisha bei yake ndani ya telefoni, na lenyewe linabaki langu bila kuhama. Hakuna wa kulichinja njiani, hakuna wa kuliswaga usiku. Baada ya yote tuliyoyaona Masisi, nimelala vizuri wiki hii.

Basi nakuuliza kama mwenye mali. Liko karibu na mlango au ndani zaidi? Limewekwa juu ya mbao au chini kwenye unyevu? Analilinda nani, mtu wa kusali au mlevi? Na wewe mwenyewe umeliona kwa macho lini?

Miaka yote Gaju alipokuwa kwa Kabera sikukosa kwenda kumwona baada ya mavuno. Kabera alimzungusha mbele yangu, nikamshika mgongo, tukakaa, tukanywa. Mtu akiragiza halafu haendi kuangalia, wote wawili wanaanza kusahau mali ni ya nani. Kwa hiyo tukishang'oa maharagwe, mwezi wa kwanza, nakuja. Mwambie mlinzi wa depo kwamba mwenye gunia atafika, na nitamletea maharagwe ya hapa, si hayo yenu yanayopikwa tangu asubuhi na bado yanagoma.

Sidonie anasema mguu wangu haufiki Walikale. Mguu ni wangu, si wake.

Baba yako,
Nzabandora


Walikale, tarehe 21 Oktoba 2024

Papa mpendwa,

Barua yako imenifikia, na Samy amenichekesha kwa kuniigizia jinsi ulivyompa maagizo. Mimi ni mzima. Sijakonda, ni nguo tu zimepanuka.

Gunia liko ndani, ukutani, juu ya mbao. Mlinzi anaitwa Byamungu, mtu mpole, anaimba kwaya. Nililiona wiki iliyopita, halina tatizo lolote. Bei kwenye telefoni imepanda kidogo. Sasa watengenezaji wa telefoni na magari ya umeme wanaitafuta koltani kuliko dhahabu.

Lakini Papa, habari ya kuja, tuiache kwanza. Mvua imekata barabara baada ya Nyabiondo, malori yamelala kwenye matope. Tena koltani si ng'ombe kwamba itaona uchungu usipokuja. Subiri kiangazi. Nitakuambia mimi mwenyewe njia ikiwa nzuri.

Mwanao,
Benoît


Walikale, tarehe 21 Oktoba 2024

Dada Sidonie,

Hii nimempa Samy mbali na ile ya Papa. Isome ukiwa shambani, peke yako.

Hakuna gunia.

Depo ipo, ng'ambo ya mto Lowa, na magunia yamo. Byamungu pia yupo na kweli anaimba kwaya. Lakini magunia ni ya mfanyabiashara mmoja wa hapa, hayajawahi kuwa ya Jiwe Letu. Bwana Hilaire, mkubwa wetu, alikuwa amelipia ruhusa ya kuingia na kupiga picha. Tulipiga picha, picha zikaingia kwenye telefoni, watu wa mbali wakanunua jetoni, kila jetoni na gunia lake. Lori lilipokuja kubeba magunia, picha zilibaki. Niliuliza. Hilaire akanijibu kwamba jiwe likitoka lingine linaingia, na kwamba mimi ni mtu wa milimani, sijui biashara inavyokwenda. Nikaona aibu, nikaacha kuuliza. Fedha za Gaju zilipofika nilimkabidhi siku hiyo hiyo. Niliamini, dada. Naapa kwa kaburi la Mama.

Wiki mbili baadaye alisafiri kwenda semina. Ofisi imefungwa, namba yake haiingii. Kwenye telefoni jetoni ya Papa bado ipo, na bei inapanda na kushuka kama kawaida, lakini ukibonyeza kuuza, hakuna kinachotokea. Nimebonyeza mpaka kidole kinauma.

Neno la kuragiza si langu. Hilaire alitufundisha: kila mtu umweleze kwa kitu anachokipenda. Papa anapenda ng'ombe. Niliona uso wake unavyofunguka nilipolisema, nikajisifu moyoni. Sikufikiri kwamba anayeragiza lazima aende kuangalia.

Nakuomba umzuie. Mguu, mvua, vita, sema lolote. Akijua kwamba Gaju amekwenda bure atakufa, na mimi sina uso wa kumwambia kwa barua. Nitakuja Noeli nimwambie kwa kinywa changu. Hadi hapo nisaidie.

Ndugu yako,
Benoît


Kingi, tarehe 17 Novemba 2024

Benoît,

Nilisoma barua yako kwenye maharagwe nikakaa chini, juu ya maharagwe. Papa akanipigia kelele toka juu kwamba navunja mimea. Ndivyo ulivyoniweka.

Unajua anavyoishi sasa? Asubuhi anapiga mswaki huku anaimba. Tangu Mama afe sijamsikia akiimba nje ya kanisa. Jumapili alisimama kwenye matangazo akashukuru Mungu kwa sababu mali yake imelala mahali ambapo haiwezi kulia usiku na kuita wezi. Watu walicheka, wengine wakamwonea wivu. Habineza, jirani yetu, alimfuata mpaka nyumbani na maswali, na Papa akamweleza yote kwa mkono na kwa fimbo, gunia hapa, watu wa Ulaya pale. Nilikuwa nachambua mboga. Niliendelea kuchambua.

Wewe umesema uongo mara moja, ukaufunga na kumpa Samy. Mimi ninausema kila asubuhi nikimtazama usoni. Jumatatu nilisema daraja limeanguka. Jumatano nikasema Samy amesikia kuna kipindupindu. Juzi nikamwambia mguu wake unavimba, akauweka mbele yangu: "Angalia muzuri. Wapi imevimba?" Haukuwa umevimba.

Nimekasirika, Benoît, tena sana. Gaju alikuwa mtoto wa ng'ombe wa mahari ya Mama. Lakini fedha zimekwisha kwenda, na hasira hazirudishi ng'ombe. Ninachotaka sasa ni kimoja: Papa asiingie njiani. Kila siku watu wanakuja hapa kutoka upande wenu, magodoro kichwani. Mzee wa umri wake kwenye njia hiyo, kwa ajili ya gunia ambalo halipo, tutakuwa tumemuua mimi na wewe.

Nakupa mpaka Noeli. Njoo umwambie. Usipokuja, nitamwambia mimi.

Sidonie


Walikale, tarehe 28 Desemba 2024

Papa mpendwa,

Nisamehe kwa Noeli. Nilifika mpaka Kashebere, wakaturudisha kwa sababu ya risasi. Hii si habari ya kusikia, niliona kwa macho yangu watu wakikimbia. Tafadhali Papa, mwezi wa kwanza usije. Gunia ni zima na Byamungu anakusalimu.

Benoît

Dada, kama unasoma hii kabla yake: ya risasi ni kweli. Safari hii ni kweli.


Kingi, tarehe 16 Februari 2025

Benoît,

Papa ameondoka.

Nilimwambia mwezi wa kwanza, siku tulipomaliza kupura maharagwe. Nilimkalisha, nikapiga magoti. Nikamwambia gunia haliko, halikuwako hata siku moja, Hilaire amekimbia na ng'ombe wake, na Benoît anaona aibu. Nilisema yote bila kupumzika, maana nilijua nikipumzika sitamaliza.

Unajua alifanya nini? Alicheka. Alinishika kichwa, akaniambia: "Mutoto yangu, mulianza na mvua. Kisha daraja, kisha magonjwa, kisha mguu, kisha risasi. Sasa munaona yote imeshindwa, munasema gunia haiko. Muko na akili! Lakini mimi ndiye nilizaa nyinyi."

Nikaleta barua yako ya mwezi wa kumi nikamwonyesha. Aliisoma yote, pole pole, na miwani. Kisha akaikunja akasema umeiandika kwa sababu nilikuomba, na kwamba ni vizuri kuona watoto wake wanapendana mpaka wanapanga pamoja. Nililia. Akafikiri nalia kwa sababu ameshinda.

Baada ya hapo hakusema tena habari ya safari, nami nikaanza kupumua. Jana niliamka nikakuta kitanda kimetandikwa. Amechukua fimbo, koti la kanisa na mfuko wa maharagwe. Samy anasema alimpakia mpaka Nyabiondo, akidhani kwamba mimi nimeruhusu. Kutoka hapo amekwenda kwa miguu pamoja na wakimbizi.

Akifika kwako, mwambie mlangoni. Kabla hajavua viatu, kabla hajanywa maji. Mimi hanisikii tena. Pengine wewe uliyemwambia lipo atakusikia ukimwambia halipo.

Sidonie


Buleusa, tarehe 1 Machi 2025

Binti yangu Sidonie,

Usinune. Najua umenuna hata bila kukuona.

Niko Buleusa. Njia ya Kashebere ilikuwa imefungwa, basi nikazunguka na watu. Nimelala kwa mama mmoja wa kanisa anayeitwa Généreuse. Ana watu wengi ndani ya nyumba kuliko vijiko, lakini alinipa kitanda akalala chini, na nilipokataa akanikaripia kuliko unavyonikaripia wewe. Mguu uko sawa. Umechubuka kidogo.

Nimeona mengi ambayo sitayaandika. Nitasema tu kwamba tangu nitoke Nyabiondo sijaona ng'ombe hata mmoja, mazizi yote matupu. Nikafikiri, Mungu alinifungua macho mapema. Nilitaka kumhurumia kila mzee niliyekutana naye njiani akiwa na kamba mkononi bila mnyama.

Sidonie, sikuondoka kwa kiburi. Mimi ni mtu wa siku za mwisho. Baba yangu kabla ya kufa alinipeleka kwa kila mtu aliyechunga ng'ombe wake, akanionyesha: huyu ni wetu, huyu ni wetu. Ndiyo maana alipokufa hakuna aliyetuibia. Mimi nitawaonyesha nini nyinyi kama sijaona mwenyewe? Nikishaliona nitarudi nikae kimya, nitakula utakachonipikia, hata ile sombe yako ya majani ya muhogo isiyo na chumvi.

Msalimu Habineza. Mwambie nitamletea habari kamili.

Baba yako,
Nzabandora


Walikale, tarehe 14 Machi 2025

Dada Sidonie,

Papa alifika Jumanne. Amekonda, mguu una kidonda kibaya, lakini anacheka na kila mtu mtaani.

Sikumwambia mlangoni.

Nilikuwa nimejipanga. Nilifungua mlango, nikamwona amevaa koti la kanisa. Alilivaa kwenye kona, kabla ya kufika kwangu, ili asionekane mkimbizi mbele ya mlinzi wa gunia lake. Nilipoona hivyo nikampa maji badala ya kumwambia, na mpaka ninapoandika hii bado anaamini gunia lipo.

Ndugu yako,
Benoît